Aliyesema Hajui

Asubuhi ile nilikuwa nimeanika muhogo, na mume wangu Bakari alikuwa kibarazani akipiga msasa kigoda cha mpingo. Tulikuwa tunaishi mji mdogo ng'ambo ya mto Ruvuma. Mie nimezaliwa Newala, nikaolewa huko ng'ambo. Kwetu sie Wamakonde mto ule haukuwahi kuwa mpaka. Ulikuwa njia ya kwenda kwa shangazi. Bakari alikuwa na kibanda cha vinyago na vigoda sokoni. Binti yetu Somoe alikuwa darasa la kwanza.

Habari za vita zilitufikia kwa mdomo tu. Kijiji fulani kimechomwa. Watu wa kijiji kingine wamelala porini. Waliokuwa wanachoma ni kina nani hasa, na walitaka nini, hakuna aliyetueleza, na hadi leo nikiulizwa siwezi kujibu vizuri. Adhuhuri likapita gari la matangazo: mkuu wa wilaya anawaita wananchi wote uwanjani, hata watoto wa shule.

Alikuwa mtu wa kupendeza kumsikiliza, siwezi kumnyima hilo. Sauti nzito, shati limenyooshwa, anawataja wazee wetu kwa majina na kuchomekea methali kila anapotaka makofi. Akasema hakuna vita. Kuna wazushi wanaotaka kuua biashara ya mji. Atakayefunga kibanda chake kesho, akasema, tutajua yuko upande gani.

Watu walipiga makofi. Bakari naye alipiga, tena kwa nguvu.

Nyuma ya mkuu alikaa Mama Lusia, kiongozi wa mtaa wetu, mjane mnene mwenye sauti ya kukwaruza. Hakupewa nafasi ya kusema. Jioni akapita nyumba kwa nyumba.

"Shikamoo, mama," Bakari akamwamkia.

"Marahaba. Nimekuja kuwaambia, kitakachotokea mie sikijui. Ninachojua, nyumbani kwa mkuu wanapakia magodoro kwenye gari."

"Labda anahamisha vitu tu."

"Labda. Ila mkisikia milio, msishike barabara. Piteni kwenye mikorosho mteremke mtoni. Mtanikuta njiani."

Alipoondoka, Bakari alicheka. "Kiongozi gani anakwambia hajui? Sasa pale yuko kwa kazi gani?"

Nilimwomba kesho asiende. Akasema mtu mzima hawezi kusimama mbele ya watoto wa shule akadanganya juu ya roho zao. Hilo aliliamini kabisa. Kulipokucha alikunywa chai, akaenda kufungua kibanda.

Milio ilianzia upande wa soko.

Kwanza nilidhani ni mabati yanashushwa. Ikaja tena, mfululizo.

Nikamshika Somoe mkono. Mlango sikuufunga.

Mama Lusia alikuwa palepale aliposema, kwenye njia ya mikorosho, kanga kaifunga kiunoni, anaelekeza watu kwa mikono. Hakupiga kelele. "Huku. Msiende kwa kundi. Mbebeni huyo mzee. Huku."

Nilimwambia kwamba Bakari yuko sokoni. Nikamsogezea Somoe, nikageuka nimfuate.

Akanidaka blauzi mpaka mshono ukaachia. "Zainabu! Mwanao hana mama mwingine."

"Bakari atakuja?"

"Sijui, mwanangu. Sitakudanganya."

Moshi ulikuwa umeanza kupanda. Nikashuka mtoni.

Mitumbwi ilikuwa michache na watu walikuwa wanasukumana. Tajiri mmoja wa pale mjini alikuwa ameshapakia pikipiki yake. Mama Lusia alipofika aliingia majini, akashika mtumbwi.

"Shusha hilo. Watoto na wagonjwa kwanza."

"Wewe nani wa kuniamuru?"

"Yule uliyempigia kura."

Pikipiki ikashushwa. Tukavushwa. Yeye alivuka na mtumbwi wa mwisho.

Waliotufuata baadaye wakaleta habari. Waliouawa sokoni wengi walikuwa wenye vibanda, kwa sababu ndio waliokuwepo. Bakari alionekana ameanguka kwenye mlango wa kibanda chake. Mwili sikuupata. Mkuu wa wilaya alikuwa ameondoka kabla hakujapambazuka, na tulipomsikia tena alikuwa redioni, sauti ileile, akisema hali imedhibitiwa. Nasikia baadaye alipewa cheo kikubwa zaidi.

Mama Lusia alifia Newala, kwa ndugu zake, kwa presha. Hakuwa malaika. Mtaani kwetu wenzake wa kanisani walikuwa wanapata misaada mapema kuliko sie. Lakini tuliovuka naye tulimzika, Waislamu na Wakristo, na hakuna kiongozi wa upande wowote wa mto aliyekuja kutia hata udongo kaburini.

Sasa naishi Mbagala, nakaanga samaki. Mvua zikinyesha sana, maji ya bondeni yanaingia vyumbani, na kila uchaguzi tunaitwa kuelezwa kwamba hilo limeshashughulikiwa. Juzi alikuja kijana anayegombea uenyekiti wa mtaa. Akatueleza sifa za kiongozi bora: maono, ushupavu, elimu, hofu ya Mungu. Alipanga maneno vizuri. Nikanyoosha mkono.

"Mwanangu, siku ukijua maji yanakuja na huna cha kutusaidia, utatuambia?"

"Mama yangu, chini ya uongozi wangu hayo maji hayatakuja."

Watu wakashangilia. Nikabaki nimesimama.

"Sijauliza kama yatakuja. Nimeuliza kama utatuambia."

"Mama, tusianze kutia watu hofu hapa. Swali lingine?"

Somoe, ambaye mwaka huu ndio kwanza atapiga kura, akanivuta kanga nikae. Nilikaa.

Sifa hizo nimezisikia maisha yangu yote, na yule mkuu wa wilaya alikuwa nazo zote isipokuwa labda hofu ya Mungu, ambayo sina kipimo chake. Mama Lusia alikuwa na moja tu, isiyokuwemo humo, nayo hakuna anayeipigia makofi. Watu wanaona aibu kuongozwa na mtu asemaye hajui. Watu wangapi wameokoka kwa ajili ya neno hilo, na wangapi wamekufa kwa kulicheka, hakuna anayewatangaza jukwaani.

Tukiwa njiani kurudi, Somoe akaniuliza, "Mama, baba angekuwepo angempa nani kura?"

Nilifikiri nimdanganye. Anamkumbuka baba yake kidogo sana, na hicho kidogo ni kizuri.

"Yule kijana," nikamwambia. "Baba yako alipenda mtu anayesema vizuri."