Trela ya Abdulnasir

Mume wangu Abdulnasir ni mtu wa trela, vile vionjo vya kutangazia filamu, na hizo trela zitaniua mimi kabla yake. Ujanani alizunguka Nyakato hadi Kigera kwa baiskeli, kipaza sauti mkononi, akiinadi filamu ya jioni kwa maneno matupu. Baadaye akafungua banda la video, akawa anaonyesha vipande vya filamu ya kesho baada ya ile ya leo kwisha. Watu wanainuka, wanakung'uta suruali, wanaondoka, yeye anapiga kelele, "Ngojeni, bado!" Juzijuzi kasoma kwenye simu kwamba hata Wamarekani, zaidi ya miaka mia iliyopita, walianza hivyohivyo, trela nyuma ya filamu, wakakimbiwa, ndipo wakaihamishia mbele. Alivyofurahi, utadhani walimwiga yeye.

Siku hizi kila mtu ana filamu mfukoni, na banda limebaki na viti. Mwaka huu akatengeneza filamu yake mwenyewe. Jumamosi ya kuionyesha banda lisipojaa, alisema, tunafunga, tunauza mpaka spika. Niliomba dua kila swala.

Alimchukua Marcelina, binti wa wavuvi wa kisiwa cha Rukuba, aigize mgonjwa. Trela akaikata kwa simu: uso wa Marcelina unageuka taratibu kuwa mweusi na mweupe, kinanda kinalia, mshumaa unawaka, kisha maandishi, "Hatutakusahau. Jumamosi saa nane, Nyakato." Akaiweka status.

"Baba Yasmin," nikamwambia, "hivi ndivyo watu wanavyotangaza msiba."

"Ndiyo maana itawashika."

Mwanaume habishiwi. Na Marcelina mwenyewe simu yake ilikuwa kwa fundi wiki nzima, hapatikani.

Jumamosi saa saba uwanja ulishajaa. Nilishukuru, mpaka nilipoona kanga zimefungwa viunoni na ndoo za dagaa za kulisha waombolezaji. Watu wa Rukuba walikuwa wamevuka ziwa kuja kuzika! Jeska, mama yake Marcelina, aliingia analia, akamkuta mwanawe kiti cha mbele anapaka wanja. Akamzaba kofi, kisha akamkumbatia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Ni filamu tu, mama," mume wangu alisema. "Kaeni, tunaanza sasa hivi."

"Kwani humo ndani anakufaga?"

"Kaeni mtaona."

"Sikai nimwone mtoto wangu anakufa mara ya pili. Nimemlilia tangu Rukuba! Sema!"

Watu zaidi ya mia wakamgeukia, na hapakuwa na kiti kitupu. Akanitazama mimi. Nikaangalia pembeni.

"Anapona," akasema kwa sauti iliyokauka. "Anapona, anaolewa na daktari."

Wanawake wakapiga vigelegele. Jeska akamshukuru Mungu, akajifuta machozi, akainua ndoo yake.

"Asante, baba. Basi si tumeshaijua? Twendeni, boti inatungoja."