Mnara Ulijua, Mimi Nilikataa

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa ufundi aliniketisha mbele ya skrini akaniambia niandike namba yangu mwenyewe. Ramani ya Kisangani ikafunguka, alama nyekundu ikatua juu ya ofisi yetu. Simu iliyowashwa hujitambulisha kila mara kwa mnara ulio karibu nayo, na kampuni ya simu kama yetu huona kwenye skrini iko wapi.

"Unasikia namna gani?" aliniuliza.

"Sawa vile mutu ananichungulia niko naoga."

"Bon. Kila client atasikia vile. Ufungue hii wakati ya panne tu, mtandao ikiharibika."

Niliyashika hayo. Chef d'agence, mkuu wa tawi letu la mtaa wa Mangobo, hakuyashika. Asubuhi moja aliniletea rafiki yake, mfanyabiashara wa jumla. Mke wa huyo bwana alikuwa ametoroka, na Mangobo nzima iliona alivyoondoka, uso umevimba. Sasa bwana alitaka kujua simu ya mkewe iko wapi.

"Maman Béa, angalia tu kwa mashine," chef alisema. "Dakika moja."

"Ligne ya simu yake iko na jina yangu," bwana akaongeza. "Ni mimi nalipaka."

"Unalipaka ligne, papa. Mutu haulipake."

Nikazima mashine mbele yao. Hasira ilikuwa kubwa kuliko woga.

Jioni hiyo nilituma neno kwa mama wauza samaki: huyo mwenzetu aliyetoroka atoe kadi kwenye simu, aitupe mtoni. Neno la mama hao hufika hata pasipo na mtandao. Kesho yake chef aliniondoa kwenye mashine. Fundi aliyepewa nafasi yangu aliangalia, akakuta namba imezimika.

Mimi nilihamishiwa Yangambi, mbali na mjini, kutia mafuta jenereta ya mnara. Watafiti wa kituo cha kilimo cha huko walinitania kwamba nimefungwa bila gereza. Nikatia mafuta hayo hadi nikastaafu, na sijutii hata tone.

Nyinyi vijana mnaoingia kazi hii, mtaambiwa mteja alishakubali, mkubwa ameruhusu, ni dakika moja tu. Ombeni karatasi ya hakimu. Kama haipo, kataeni, na acheni wawaite wakaidi.

Watu bado huniuliza yule mama alijificha wapi. Wengine husema Lubunga, ng'ambo ya mto, wengine kwa dada yake. Mimi ndiye niliyeweza kujua kwa kubonyeza mara moja, na mpaka leo sijui.