Kahawa Niliyompikia Wifi

Nilizaliwa kwenye chai, upande wa Mponde, nikaolewa kwenye kahawa, huku Gare. Mpaka naolewa sikuwa nimewahi kuchemsha kahawa hata mara moja. Kwa mume wangu walikuwa na mibuni katikati ya migomba nyuma ya nyumba, na kila msimu baba mkwe alibakiza debe moja la kunywa nyumbani kabla hajauza nyingine.

Baba mkwe alipofariki, siku ya kumaliza matanga, mama mkwe aliniomba niwapelekee wazee wa parokia kahawa. Yeye macho yalikuwa yameshampotea. Nikafanya nilivyojua kufanya na majani ya chai: maji, unga wa kahawa, moto mkali, vikachemka mpaka vikamwagika jikoni.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alikuwa amepanda kutoka Tanga mjini. Alionja, akainuka na kikombe chake, akakimwaga kwenye mgomba mbele ya wazee wote.

"Haya ni maji ya kusuuzia sufuria," alisema. "Msimlaumu. Ametoka kwenye chai, amechemsha majani."

Watu walicheka, pale pale msibani. Kesho yake jina langu lilikuwa Majani. Wanawake wa jumuiya waliniita hivyo, na mume wangu naye aliniita mara moja, akaniangalia usoni, hakurudia tena. Sikulia. Niliosha vile vikombe nikijiambia kwamba huyu mwanamke atakuja kuinywa kahawa yangu mbele za watu, na haitapita vizuri kooni mwake.

Aliyenifundisha ni mama yake mwenyewe. Sikumwambia sababu yangu. Nilimwambia, "Mama, naomba unifundishe kahawa," naye akafurahi, kwa kuwa bintiye hakuwahi kumwomba hivyo.

Alikuwa haoni lakini alijua kila kitu kwa vidole. Nikichuma, anaipapasa kahawa kwenye kapu, akikutana na tunda gumu analitupa. "Hili bado ni bichi. Moja tu linatosha kuharibu birika." Tulimenya, tukaloweka mpaka utelezi ukatoka, tukaosha, tukaanika juu ya mkeka. Huku kwetu ukungu ukishuka mchana unaloanisha kila kitu, kwa hiyo nilishinda nikiingiza mkeka ndani na kuutoa. Buni zikikauka, tunazitwanga kidogo kwenye kinu ganda litoke, ndipo tunakaanga.

Kukaanga ndiko kulikonitesa. Niliziunguza mara nyingi sana. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda karibu na mafiga akisikiliza.

"Usiache kukoroga. Sasa sikia, zinapasuka kama bisi. Subiri kidogo. Haya, toa, toa, mwaga kwenye ungo upepete."

Zikipoa tulizitwanga ziwe unga, na alinikataza kuchemsha unga huo pamoja na maji. Maji yachemke peke yake, birika litolewe motoni, yatulie kidogo, ndipo unga uingie. Funika. Ukishatua chini, unachuja kwa kitambaa safi. Siku nilipopata nilijua kabla hajasema. Haikuwa na uchungu wa moshi, na ilibaki mdomoni muda mrefu. Mama mkwe alikunywa vikombe viwili. Halafu akasema, "Najua unamfikiria nani. Muache, mwanangu. Ni dada wa mumeo."

Nikamjibu, "Ndiyo, mama." Nilimdanganya.

Nafasi ilikuja binti wa wifi alipoposwa. Wageni walitoka Lukozi, na kwa heshima ya bibi yake, mama mkwe wangu, walipokelewa kwetu. Wifi alifika asubuhi na kopo la kahawa la dukani.

"Shikamoo, wifi," nilimwamkia.

"Marahaba. Wewe chemsha chai tu. Kahawa nitapika mwenyewe, leo sitaki aibu."

Nikamwachia jiko. Aliichemsha mpaka ikawa kama lami, akaitia tangawizi nyingi kuficha. Mimi nilikuwa nimekaanga buni zangu alfajiri, kabla hajafika, na nilipopata nafasi ya moto nikapika, nikajaza chupa, nikaiweka chumbani.

Wageni walipewa ya kwake. Mshenga, mzee mtaratibu sana, alionja mara moja akakiweka kikombe chini. Hapo nikaingia na chupa yangu, nikawapa vikombe vingine, na wifi pia nikampa. Mshenga alionja, akaonja tena, akamgeukia wifi.

"Mama, hii kahawa imepikwa. Umeifanyaje?"

Wifi alitabasamu. "Ni kahawa ya nyumbani tu, mzee. Mikono imeshazoea."

Nami nilikuwa namsubiri hapo hapo. Nikapiga goti kwa adabu yote mbele ya mshenga, nikasema, "Wifi, mweleze mzee buni ulizitoa motoni zilipofikia wapi. Na maji uliyaachaje kabla ya kutia unga."

Alifungua mdomo, akaufunga. Nilimwacha akae na ule ukimya. Niliona shingo yake ikilowa jasho, na nakiri niliufurahia kila ulivyozidi kurefuka. Kisha nikamjibu mshenga mwenyewe, polepole, kuanzia kapu la kuchumia mpaka kitambaa cha kuchujia, bila kuruka kitu.

"Na wewe umetokea wapi, mwanangu?" mshenga aliuliza.

"Mponde, mzee. Kwenye chai."

Wageni walicheka, na safari hii hawakunicheka mimi. Posa ilipokelewa, binti aliolewa, yupo salama kwake. Wifi aliondoka jioni ile ile bila kuniaga, na tangu hapo akija Gare hunywa maji.

Mama mkwe alikuwa amesikia yote kutoka chumbani. Kesho yake nilimpelekea kikombe, akakipapasa, akakirudisha kwenye sahani.

"Kahawa nilikufundisha mimi," alisema. "Ile nyingine umejifunza wapi?"

Hakunywa kahawa ya mkono wangu mpaka msimu ulipoisha. Hilo liliniuma, na bado linaniuma. Lakini nikikumbuka mdomo wa wifi ukifunguka na kufungika, sijawahi kutamani ningenyamaza.