Eliane Asindikizwa Mpaka Njiapanda

Habari kwamba Eliane amepata kazi Mbarara ilifika Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda, kabla yeye mwenyewe hajashuka kwenye boda. Habari ilieleweka. Kazi yenyewe ndiyo haikueleweka.

Angekuwa muuguzi, watu wangejua pa kumweka. Angekuwa mwalimu, hali kadhalika. Hata angekuwa karani wa shirika linalogawa mahema, majirani wangejua wamsalimie vipi na wamwombe nini. Lakini Mariette, mama yake, alipotoka kanisani Jumapili ile na kitenge chake cha sikukuu, alitangaza kwamba binti yake, baada ya kumaliza chuo kikuu, ameingia katika kampuni inayoshauri kampuni nyingine namna ya kufanya kazi.

"Inashauri?" akauliza mwanamke mmoja wa kwaya. "Sasa ushauri ni kitu ya kuuza?"

"Inauzwa, ndiyo," akasema Mariette, shingo imenyooka. "Tena mu ghorofa."

"Basi miye niko tajiri na sikujua," akadakia Papa Appolinaire, mume wa Mariette, ambaye kibanda chake cha samaki wadogo wa ndagala na chumvi hakikosi watu wa kupiga soga. "Hii miaka yote nashauri batu hapa bure!"

Walicheka wote. Mariette pia alicheka, ila shingo hakuilegeza. Yeye na mumewe walikuwa wametoka upande wa Fizi, Kivu Kusini, Eliane akiwa bado anabebwa mgongoni. Mtoto aliyeingia makazi ya wakimbizi mgongoni sasa anapanda ngazi za ofisi kwa miguu yake. Wenye kucheka na wacheke.

Ofisi yenyewe ilikuwa juu ya duka la dawa za ng'ombe, katikati ya Mbarara, na harufu ya dawa ya kupe ilipanda ngazi kila asubuhi pamoja na wafanyakazi. Mwenye kampuni ni Madamu Kobusingye, Mnyankole, binti wa wafugaji, aliyefanya kazi hii katika miji mikubwa ya watu kabla ya kurudi kuifanya kwao. Wateja wake ni viwanda vya maziwa, hoteli, vyama vya ushirika: watu ambao shughuli zao zimekwama na hawajui zimekwamia wapi.

"Cheti chako nimekiona, sitakitazama tena," alimwambia Eliane siku ya kwanza. "Nataka kujua unaona nini ambacho mimi sikioni. Mwisho wa kipindi cha majaribio nitakupa kazi moja. Ukiiweza, kiti hiki ni chako. Ukishindwa, tutaagana vizuri."

Eliane alikitaka kile kiti. Alikitaka usiku katika chumba alichopanga mtaa wa Kakiika, alikitaka mchana akipanga slaidi za watu wengine. Kiingereza alikuwa nacho cha shule, Kifaransa cha baba yake, Kinyankole cha sokoni, na kwa muda wa miezi kadhaa alijifunza lugha nyingine tena, ya ofisi, ambamo mtu hasemi "duka limekufa" bali husema soko limebadilika. Aliiweza haraka. Watu wa makambi huziweza lugha haraka, kwa sababu kila mlango unafunguliwa na lugha yake.

Kisha ikaja kazi ya mwisho, na ilikuwa Nakivale.

Mfadhili mmoja alikuwa amewapa wakulima wa Kikongo na wa Kirundi mashine mpya ya kusaga mahindi, mali ya ushirika wao. Mashine ilisimama pale safi, inanguruma vizuri, na wanachama wenyewe waliipita mlangoni na magunia yao juu ya boda, wakaenda kusagisha mji wa jirani, Rwekubo, kwa watu binafsi. Mfadhili alitaka kujua kwa nini, kabla hajaleta ya pili.

"Nimekupa kwa makusudi," Kobusingye alisema. "Ni kwenu."

Walikwenda na gari la kampuni, wakapita Kaberebere, wakapita Rwekubo, Eliane amekaa mbele na maswali yake yamepangwa vizuri kwenye kompyuta. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Marcienne, mama wa Kirundi aliyekuwa akimlea Eliane pamoja na binti yake Diane kila Mariette aliposhinda shambani. Marcienne alifuta viti kwa kanga, akaketi mbele yao, mikono mapajani.

"Mashine ni nzuri sana," akasema. "Tunawashukuru waliotupa."

"Mbona basi mahindi yanakwenda Rwekubo, mama?"

"Aa, mara mojamoja tu."

"Kuna shida yoyote pale?"

"Hakuna, mwanangu. Tuko sawa."

Walikuwa sawa nyumba ya pili, sawa nyumba ya tatu, sawa kijiji kizima. Kila walipomaliza, dereva aliwasha injini, Kobusingye akatazama saa, Eliane akarukia kiti chake. Pale kwa Marcienne, gari lilipoanza kuondoka, alimwona kwenye kioo cha pembeni. Alikuwa ametoka nje, amejifunga kitenge upya, amevaa viatu vya kutokea, amesimama katikati ya ua huku vumbi la magurudumu likimjia. Kitu kilimchoma Eliane, lakini gari lilikuwa limeshakata kona.

Ofisini Kobusingye alivua miwani. "Tutaandika kwamba wanachama hawajaelimishwa vya kutosha. Ndivyo tunavyoandika sisi sote tukikosa sababu." Akamtazama. "Ila sikudanganyi, Eliane. Kwa ripoti kama hiyo simpi mtu kiti. Mkutano wa ushirika ni wiki ijayo."

Jioni ile mama yake alipiga simu, na hakuanza na salamu.

"Marcienne amenikuta ku bomba ya maji. Ananiuliza, ule mutoto wako amekuwa muzungu?"

"Nimefanya nini tena, mama?"

"Umetoka mu nyumba ya mutu, umeruka mu gari. Hakukusindikiza! Alikuwa ameisha kuvaa na viatu."

"Tulikuwa na haraka."

"Haraka ya kwenda fasi gani? Ni polisi ndio banatokaka vile."

Eliane alikaa kitandani na simu mkononi, mama yake ameshakata. Zipo nchi ambamo mgeni huaga mlangoni, mlango ukafungwa, na hakuna aliyekosewa. Kivu si nchi hiyo, wala Burundi. Kule mgeni haondoki; huomba njia. Kwanza hunyimwa, huongezewa kikombe kimoja, ndipo mwenyeji huvaa viatu na kutembea naye kipande cha barabara. Ndani ya nyumba mwenyeji ana kazi moja, kumfurahisha mgeni, na kumlalamikia mgeni ni sawa na kumpakulia chakula kilicholala. Neno zito hungoja barabarani, watu wawili wakitembea bega kwa bega, hakuna anayemkazia mwenzake macho. Posa huanzia hapo. Misiba husemwa hapo. Eliane alikuwa amekulia ndani ya jambo hilo, na yeye, kati ya watu wote, ndiye aliyefunga mlango wa gari usoni pa Marcienne.

Asubuhi alisimama mbele ya meza ya Kobusingye.

"Naomba kurudi. Bila gari."

"Gari lina kosa gani?"

"Lina kasi, madamu."

"Na maswali yako?"

"Safari hii sina swali."

Kobusingye aligongagonga kalamu mezani. "Sijawahi kumlipa mtu aende mahali bila swali," akasema. "Nenda."

Marcienne alikuwa anapepeta maharage. Hakuinuka.

"Leo gari limekufa?"

"Leo nimekuja na miguu, mama."

"Hm. Kumbe bado unayo."

Lakini alimletea kiti, na baadaye juisi ya ndizi. Waliongea juu ya mvua. Waliongea juu ya Diane, ambaye amejifungua na mtoto ana masikio ya baba yake, maskini. Neno mashine halikutajwa. Jua lilipoanza kulala, Eliane akasema, "Mama, naomba njia."

"Njia ipo, haijahama. Kaa."

Akaongezewa kikombe. Akakinywa chote, polepole. Ndipo Marcienne akaingia ndani, akatoka na viatu vyake.

Walipita ua wa Damascène, Mrundi mwenzake Marcienne, ambaye ndiye mwendesha mashine. Wakasalimiana naye juu ya ua, wakaulizana habari za watoto. Walipomwacha mbali kabisa, Marcienne alianza kuongea, macho yakitazama mbele.

"Mimi mahindi yangu naanika juu ya turubai. Mvua ikinukia tu, nimeshaanua. Nachambua punje mbovu kwa mkono. Sasa nikifika kwenye mashine, Damascène anapima gunia langu, analimwaga pamoja na ya watu wote, ananipa unga uliosagwa jana. Kilo ni zilezile. Lakini ni unga wa nani, mwanangu?"

"Hujamwambia?"

"Nimwambie nini? Kwamba mahindi ya jirani ni machafu? Na mashine tumepewa. Mtu akikupa shati, utamwambia mikono ni mirefu?"

Utaratibu huo wa kubadilishana mahindi na unga uliletwa na wataalamu waliotangulia, ili kuondoa foleni. Foleni iliondoka kweli, na watu wakaondoka nayo.

Kesho yake Eliane aliendelea. Alikaa, akanywa, akaomba njia, akasindikizwa. Constance, Mkongo mwenye mdomo mwepesi, alimwambia wakikata shamba la migomba: "Siye bugali yetu tunachanganyaka na mihogo, kila mutu kipimo yake. Pale huchanganyi, unachanganyiwa!" Mzee Melchior alinong'ona kwamba yeye, kusema kweli, anaikumbuka foleni, ndiko alikokuwa akipata habari. Eliane alifikishwa njiapanda mara nyingi hata wauza nyanya wa pale wakamuuliza kama anaondoka au amehamia.

Siku ya mkutano ukumbi wa ushirika ulijaa. Mwakilishi wa mfadhili alikuwepo, Kobusingye amekaa mstari wa mbele, na nyuma kabisa Mariette, shingo kama Jumapili. Eliane alijua anachotaka kusema. Ugumu ulikuwa namna ya kukisema bila kumvua mtu nguo. Maneno ya njiani hayarudishwi ukumbini na jina la mwenyewe.

"Mashine haina ubaya," alianza, Kiswahili kwanza, kisha Kiingereza kwa wageni. "Damascène hana ubaya. Ila hapa kila mtu ni mkulima mzuri, na mkulima mzuri anapenda kula mahindi aliyoyaanika mwenyewe." Akapendekeza kubadilishana kubaki siku ya soko tu, kwa wenye haraka. Siku nyingine kila mtu asagiwe yake, pamoja na mihogo yake kama anataka, na nje pajengwe kibaraza chenye mabenchi. "Foleni irudi," akasema, "ila irudi imekaa."

Watu walitazama viatu vyao. Kisha Damascène akasimama, na Eliane akahisi kiti cha Mbarara kinamponyoka.

"Miye nina neno moja," Damascène akasema. Akageuka upande wa wanawake. "Hata mke wangu anasagisha Rwekubo. Anapitisha gunia nyuma ya nyumba, anafikiri sijui."

Kicheko kilichopasuka pale kilitikisa mabati. Mke wa Damascène alijifunika kitenge usoni, mabega yanatetemeka kwa kucheka. Na kwa kuwa mwendesha mashine mwenyewe amesema, kila mtu sasa alikuwa na la kusema: turubai, mihogo, punje mbovu, mabenchi yaelekee wapi. Mwakilishi wa mfadhili aliinamisha kichwa na kuandika mpaka kalamu ikamwishia wino.

Walipomaliza, Kobusingye alielekea kwenye gari. Nyuma yake mabenchi yalisogezwa kwa pamoja. Aligeuka, akawaona watu wamesimama, Marcienne mbele yao na viatu vyake vya kutokea. Akamtazama Eliane.

"Tangulia," Kobusingye akamwambia dereva. "Utatungoja njiapanda."

Akatembea nao, visigino vyake virefu vikizama kwenye vumbi. Walipoupita ua wa Damascène alisogea karibu na Mariette, akatafuta Kiswahili chake, kile cha Uganda, cha kuokotaokota.

"Mama," akasema, macho mbele, "huyu mtoto yako, mimi nachukua yeye. Kabisa. Ile kiti iko ya yeye."

Shingo ya Mariette iliyonyooka tangu Jumapili ile ya kanisani ililegea kidogo, akafuta macho kwa pembe ya kitenge, kisha ikanyooka tena, juu kuliko mwanzo. Eliane alitembea kati yao, bega kwa bega, bila kumtazama yeyote.

Papa Appolinaire, aliyekuwa akitembea nyuma yao, alikuwa amesikia yote. Akakohoa.

"Madamu, na miye niko na ushauri. Ya leo nakupatia bure." Akaonyesha miguu yake. "Mu hii barabara yetu, vua ile viatu."

Madamu Kobusingye aliutazama urefu wa njia iliyobaki, akainama, akavivua.