Mashine Iliyomjua Mtu Mmoja

Tarehe 14 Machi 2016, Mama Antena alisajiliwa kuwa mwanafunzi wa uzamivu katika taasisi ya uhandisi ya chuo kikuu. Jina hilo alibandikwa na wanafunzi wa shahada ya kwanza, likanata mpaka nyumbani kwake.

Utafiti wake ulikuwa huu. Mawimbi ya kifaa cha intaneti hujaa chumbani, na mtu akipita, yanavurugika kidogo. Alitaka kuifundisha kompyuta iusome mvurugiko huo na kusema, bila kamera, kama chumbani mna mtu. Ingewafaa wazee wanaoishi peke yao, akiwemo mama mkwe wake, aliyekwishakataa kamera kwa maneno yasiyoandikika.

Kompyuta hujifunza kwa mifano, kwa hiyo lazima mtu atembee. Aliwaomba wenzake, kila mmoja alikuwa na shughuli. Akatembea mwenyewe, kutwa, mwaka baada ya mwaka, hadi soli zikalika. Kompyuta ikawa haikosei. Msimamizi wake aliyaona matokeo, akasifu, hakuuliza kitu.

Asubuhi ya kutetea tasnifu, muda wake wa usajili ulikuwa umebaki kiduchu. Akifeli, basi tena.

"Leo ndiyo leo," mumewe alimwambia. "Ukikosa udaktari, angalau nunua viatu."

Mtahini wa nje, profesa mwenye mwili wake, alitaka kuiona mashine ikifanya kazi. Akaingia chumba cha majaribio, wengine wakabaki nje mbele ya skrini. Skrini ikaandika: HAMNA MTU.

"Tembea kidogo, Profesa!" msimamizi alimwitia mlangoni.

Akatembea. Akapunga mikono. Akaruka, meza ikatikisika. HAMNA MTU.

"Mpaka leo ni mke wangu tu aliyekuwa haoni kama nipo," alisema alipoambiwa.

Mama Antena akaingia kukagua nyaya. YUPO MTU. Akatoka. HAMNA MTU, na profesa kasimama palepale, anahema.

"Waya umelegea, bila shaka," msimamizi alisema, akimkazia macho Mama Antena.

Alikuwa ametupiwa kamba ya kujiokoa. Angeishika, wangeahirisha hadi fundi aje, na pengine asingeulizwa zaidi. Mama Antena aliitazama skrini.

"Waya hauna neno," alisema.

"Uliifundisha kwa watu wangapi?" mtahini aliuliza, akitoka chumbani.

"Mmoja."

"Nani?"

"Mimi, Profesa."

"Kumbe miaka yote hiyo ulikuwa unajitambulisha kwayo."

"Inaelekea hivyo."

Kamati ikajifungia. Ilipotoka, mtahini alisema kuwa mashine haijafaulu, lakini mwenye mashine hakudanganya, na hilo hulioni kila siku. Wakamwongezea miezi sita, kwa sharti kwamba aifundishe upya kwa watu wengine.

"Watatoka wapi?" aliuliza. "Kila mtu ana shughuli."

Mtahini akamgeukia msimamizi.

Kazi inaanza Jumatatu saa tatu asubuhi. Msimamizi ndiye atakayetembea wa kwanza.