Siku Niliyotobolesha Ukuta wa Saluni Nikitafuta Sumaku

Nitawaambia, lakini mkicheka chekeni polepole, kwa sababu mke wangu bado hajanisamehe, na hapa Mwihoko kuna watu wanaoniita Injinia (mimi hufungasha juisi kwa kiwanda kule Thika, hata balbu ya nyumbani naitiwa fundi).

Ilianza na kichwa. Kilikuwa kinaniuma kila nikiamka, na jamaa mmoja wa kazini akaniambia ni nyaya za stima kwa ukuta, zinatoa nguvu ya sumaku inayokugonga ukilala, na eti simu inaweza kuipima. Basi Jumamosi asubuhi nikaweka app ya kupima sumaku kwa simu yangu, nikapima kitanda, simu ikalia piii, nikapima friji ikalia, nikapima pasi ikalia, nikapima sukuma wiki iliyokuwa mezani nayo ikalia (hapo mtu mwenye akili angesimama, lakini mimi nikasema stima imefika hadi kwa mboga).

"Baba Shiru," mke wangu akaniuliza, "umekunywa chai kweli?"

Nikatoka nje nikazima swichi kubwa ya ploti nzima, nyumba zote za wapangaji, bila kuuliza mtu, nione kama namba za app zitashuka. Hazikushuka. Nikajua basi kuna waya wa wizi usiopitia swichi, na kwa vile ukuta wa chumba chetu cha kulala ndio ukuta wa saluni ya Mama Tasha, nikajua na mwizi.

Mama Tasha akatoka na mashine ya kukausha nywele mkononi. "Nani amezima stima? Niko na bibi harusi hapa." Nyuma yake alikuwa Wanjiku, nywele upande mmoja zimenyooka kama uzi, upande mwingine zimesimama, na siku hiyo hiyo wakwe walikuwa wanakuja kwao kwa ruracio, kuleta mahari. Nami, mbele ya majirani wote, nikasema, "Mama Tasha, wewe unaiba stima."

Nikampigia landlord, Mzee Gitau, naye akafika na nyundo na patasi, maana hakuna neno linalomuuma kama wizi wa stima. "Nionyeshe penye inalia," akasema. Kwa ukuta wa chumba chetu ililia kila mahali, kwa hivyo alitoboa hapa, akatoboa pale, shimo likatosha mtu kupita, waya hakuna, na vumbi lote likamwagikia Wanjiku aliyekuwa amerudi kuketi upande wa saluni akingoja stima. Akanichungulia kwa shimo, uso mweupe kama unga.

"Wewe," akaniuliza taratibu, "mimi nimekukosea nini?"

Nikajaribu kuficha simu mfukoni, ikaanguka, kava ikatoka, na simu ikanyamaza.

Mzee Gitau akaiokota, akaigusisha ukuta. Kimya. Akasogeza kava karibu. Piii. Ilikuwa zile kava za kufunga kama kitabu, na kinachozifunga ni sumaku.

"Kwa hivyo," akasema, "nimevunja nyumba yangu kwa sababu ya kava."

Nilirudisha stima. Wanjiku alioshwa nywele upya, akafika kwao wageni wamemaliza kula, kichwa kimefungwa kitambaa. Nilimwomba Mama Tasha msamaha mbele ya majirani wale wale, akasema sawa, lakini shimo nizibe mwenyewe, na mpaka nilipopata simiti tulilala tukisikia umbea wote wa saluni, nao wakisikia vile nakoroma. Tangu hapo nimeapa: nikishuku jambo kwa jirani, nitaenda kubisha mlango.