Makofi Matano ya Neno Moja

Sisi tuliosoma darasa la kwanza tukibanana wanne kwenye dawati moja, tulijifunza kusoma kwa viganja. Mwalimu Sekela aliandika neno ubaoni, nasi tukalikata kwa makofi: ka-la-mu, makofi matatu, ki-ta-ka-cho-pi-kwa, makofi sita. Kofi la pili kutoka mwisho lilipigwa kwa nguvu, kwa sababu hapo ndipo mkazo unapokaa. Vumbi la chaki lilituingia puani, uji wa mapumziko ulinukia, na aliyekosea aliambiwa, "Umelichinja neno, sasa ulile mwenyewe." Tulicheka, kisha alirudia mpaka akapata. Mimi nina haya tangu utotoni, lakini makofi hayakunitia aibu, maana tulipiga wote.

Hiyo ndiyo shule yangu, iliyoishia darasa la saba. Ndiyo maana nimekasirika.

Hapa Wheaton, ughaibuni, ninamtunza Bibi Kirsten, mzee kutoka Denmaki ambaye macho yake yamefifia. Juzi alinipa kadi aliyoandikiwa utotoni na mama yake. Alitamani kusikia tena neno moja lililomo, na watoto wake hawaijui lugha hiyo. Neno lenyewe ni fødselsdagsgave, yaani zawadi ya siku ya kuzaliwa. Kwao yote hayo huunganishwa yakawa neno moja. Nikaliandika kwenye karatasi, nikaenda nalo nyumbani kwa baba mdogo, ninakoishi.

Nilikaa mezani nikalipigia makofi polepole. Brian, mtoto wa baba mdogo, akasimama mlangoni.

"Dada Tumaini, kwani hapa chekechea? Simu inasoma yenyewe."

Kumbe alikuwa ananirekodi. Akawatumia rafiki zake, nikawasikia wakicheka kwenye simu yake. Nilitaka kumwambia bibi kwamba siwezi kulisoma.

Asubuhi nilisoma hata hivyo. Nilitia mkazo kwenye ga, kofi la pili kutoka mwisho, kama nilivyofundishwa. Bibi Kirsten akatikisa kichwa, akagonga meza: kwao mwanzo ndio mzito. Akanionyesha pia pa kukata, pale maneno yalipounganishwa: fødsels, dags, gave. Tukapiga wote wawili, makofi matano, la kwanza kwa nguvu. Mara ya tatu alifumba macho, akalisema mwenyewe kwa sauti ya kitoto ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Na huyo aliyenicheka, shuleni kwao anajiita Brian Mwaka. Sisi ni akina Mwakalimbila. Anasema ni refu, watu watachoka. Enzi zetu asingetoka darasani kabla ya kulimaliza jina la babu yake. Siku hizi mtoto anakata jina, anabaki na mwaka, na hakuna anayemwambia kitu.

Jana, wakati wa chakula, nilimwita kwa makofi: Mwa-ka-li-mbi-la, la nne kwa nguvu. Hakuinua macho kutoka kwenye simu. Baba mdogo ndiye aliyeitika kutoka jikoni, "Naam," upesi, kama mtu aliyeitwa na mama yake.